Cherehani ya shangazi haikuwa mbovu, ilikuwa imeganda

Cherehani iliyochakaa hulegea. Gurudumu lake hucheza, mti wa sindano, yaani ufito unaoishika sindano, hutikisika ukiushika kwa vidole viwili, na ukishona unasikia chuma kikigonga chuma. Cherehani ya shangazi yangu haikuwa na dalili hata moja kati ya hizo. Yenyewe ilikuwa ngumu. Ukishika mpini na kuzungusha, unakwenda kidogo halafu unagoma, na ukilazimisha unaumia mkono. Fundi wa kwanza kuiona, kijana mwenye banda lake karibu na kituo cha daladala, aliisukuma mara moja akatikisa kichwa.

"Dada, kichwa hiki kimekwisha. Chukua cha Kichina, nakufungia leo leo."

Alikuwa nacho hapo hapo, bado kimo kwenye boksi. Sikuchukua, na wala si kwa sababu nilikuwa najua chochote kuhusu cherehani. Bei tu ilinishinda. Ila njiani nikawa najiuliza: kitasa kikichakaa kinalegea mpaka mlango unafunguka wenyewe, sasa cherehani inachakaaje kwa kukaza?

Ni Singer ya mkono, nyeusi, yenye nakshi za dhahabu ambazo mahali mkono unapopita zimefutika. Inakaa ndani ya sanduku la mbao lenye mgongo wa mviringo. Shangazi aliishonea sare za shule na magauni ya sikukuu uani kwake Temeke kwa miaka mingi, hadi macho yalipoanza kumsumbua, ikaingia uvunguni. Aina hii huitwa cherehani ya kubebeka. Aliyeiita hivyo hajawahi kuipandisha kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Ni chuma cha kusubu kitupu, na ukiongeza sanduku lake unapita kilo 10 kwa mbali. Kinachoifanya ionekane ya kubebeka ni ule mpini wa juu ya sanduku, na mpini wenyewe, kama nitakavyoeleza, si wa kuaminiwa.

Upande wa kulia wa kitako kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Yangu inaanza na herufi EK, maana yake ni ya katikati ya miaka ya 1950. Modeli ni 15K, na hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank, Scotland, karibu na Glasgow. Kilifunguliwa mwaka 1885, kikafungwa 1980. Kiwanda hakipo tena, lakini kituo cha treni kilichokuwa kinawashusha wafanyakazi wake kipo mpaka leo na bado kinaitwa Singer. Napenda kuwaambia hivyo wateja wanaodhani cherehani nyeusi zote zilitoka India.

Lenye manufaa zaidi kwa mtu wa Dar ni hiyo 15. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Japani viliuchagua muundo wa 15 uwe kipimo chao cha pamoja, kila kiwanda kikatengeneza vipuri vinavyoingiliana na vya mwenzake. China nayo ikafuata njia hiyo. Butterfly ya Shanghai, ambayo imejaa kwenye vibaraza vya mafundi cherehani nchi nzima, ni ndugu wa damu wa Singer ya shangazi. Ndiyo maana leo ukiingia maduka ya vifaa vya ushonaji Kariakoo na kuomba bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), kesi ya bobini inamokaa, au shato (chuma chenye ncha kinachochukua uzi wa sindano) ya Butterfly, unarudi nyumbani na kipuri kinachokaa kwenye chuma cha Scotland kilichopita umri wa mama yako. Singer nyingine ndogo za zamani, kama 99K, hazina bahati hiyo. Zinatumia bobini fupi zaidi inayolazwa, na ukiichanganya na ya 15 cherehani haitashona hata ukeshe.

Aliyenifundisha kuifungua ni babu mmoja wa Tandika anayetengeneza cherehani chini ya mwembe. Nilimkuta anakunywa kahawa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea mgonjwa au maiti?"

Hakushika bisibisi. Aliinua kichwa cha cherehani, akakilaza, akachungulia chini, akapitisha ukucha kwenye kiungo kimoja. Ukucha ukatoka na kitu cha rangi ya asali, kigumu kiasi. Akauliza iliwekewa mafuta gani. Nikampigia shangazi, nikaweka simu kwenye spika.

"Mafuta, mwanangu. Ya alizeti. Si hayo hayo mnayokula?"

Babu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akanieleza kwa utulivu, na maelezo yake ndiyo yaliyonifungua macho. Mafuta ya mbegu, alizeti yakiwemo, yakikaa kwenye utando mwembamba hunywa hewa na kukauka taratibu. Yanageuka kuwa kitu kati ya gundi na vanishi. Ongeza vumbi la uani na manyoya ya pamba yanayodondoka kwenye kitambaa, una saruji ya kutosha kufunga kila kiungo. Mafuta ya cherehani ni ya madini, meupe, membamba, na hayakauki namna hiyo. Chupa yake ndogo si ghali. Shangazi hakukosa pesa ya mafuta yale. Hakukosa upendo pia. Kila alipohisi mashine imekuwa nzito aliiongezea alizeti, na kila akiongeza ikazidi kuwa nzito.

Babu alikubali niikalie kazi hiyo mwenyewe mbele yake, kwa sharti kwamba nisilazimishe kitu. Chuma cha kusubu hakipindi, kinavunjika.

Kwanza tuliianika juani, jua la saa sita la Dar, mpaka chuma kikawa hakishikiki vizuri. Joto linalegeza ile gundi. Kisha tukaiingiza kivulini, mbali na jiko lake la mkaa la kahawa, ndipo yakaja mafuta ya taa. Tone moja moja kwa bomba la sindano la duka la dawa, kila mahali ambapo chuma kinasugua chuma: vitundu vya juu ya mkono wa cherehani, mti wa sindano, mti wa mguu unaobana kitambaa, vyuma vya chini vinavyosukuma meno ya kusogezea kitambaa, na nyuma ambako kuna kifuniko cha duara kinachofunguka kwa skrubu moja. Huko nyuma ndiko watu wengi husahau, na huko ndiko kuna vyuma vikubwa. Baada ya kutia, unazungusha gurudumu kwa mkono mbele na nyuma, kidogo tu, pale pale linapokubali. Halafu unaiacha. Unarudi, unatia tena, unafuta uchafu wa kahawia unaotoka, unazungusha. Hapa hakuna ufundi mwingine zaidi ya subira. Robo mzunguko ikawa nusu. Siku iliyofuata, katikati ya kufuta, likazunguka lote. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, babu hata hakugeuka.

Mafuta ya taa yanasafisha, hayalainishi. Yakishafanya kazi lazima yafutwe, na mafuta yenyewe ya cherehani yafuate kila mahali yalipopita, la sivyo umeacha chuma kikavu kisagane. Vivyo hivyo na zile dawa za kupuliza za kulegeza nati ambazo vijana wa gereji wanazipenda: zinalegeza, kisha zinaondoka.

Kuna kitu kimoja ambacho babu alikataza kwa sauti kubwa, na nilishukuru, maana nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye chupa ya spiriti. Weusi wa Singer za zamani na zile nakshi za dhahabu vimefunikwa kwa vanishi ya asili ambayo spiriti inaiyeyusha. Ukiipangusa kwa spiriti unabaki na mwili uliofifia weupe weupe, na dhahabu yote imehamia kwenye kitambaa chako. Mwili unasafishwa kwa kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani, basi. Stili waya laini na mafuta ni kwa sehemu zinazong'aa tu, zikiwa na kutu: ukingo wa gurudumu, bamba la sindano, mguu.

Skrubu zote nilizipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo na sehemu yake, na kabla ya kufungua chochote nikapiga picha kwa simu. Hilo ni langu, babu hana simu ya picha wala haihitaji. Ukipoteza skrubu ya Singer ya zamani usikimbilie duka la vifaa vya ujenzi. Njia zake za kukazia si za kawaida. Utapata inayokaribia, utaikaza, itaharibu njia ya tundu. Afadhali kuitafuta kwa mafundi wanaochinja cherehani zilizokufa. Na bisibisi iwe pana sawasawa na mfereji wa skrubu. Skrubu nyingi za cherehani za mjini zimeng'ofolewa vichwa na bisibisi nyembamba za kutengenezea redio.

Gurudumu lilinipa somo la pekee. Katikati yake kuna nati kubwa ya kuzungusha kwa mkono. Ukiilegeza, gurudumu linazunguka bure bila kushusha sindano, ndipo unapojaza bobini. Yangu ilikuwa hailegezi. Ndani yake kuna washa, kisahani chembamba cha chuma chenye masikio, mawili yamepinda kuelekea ndani, matatu yametokeza nje. Inaweza kuingia kwa namna mbili, na namna moja kati ya hizo hufanya gurudumu lisishike au lisiachie. Mtu aliwahi kuifungua zamani akairudisha kinyume. Niliitoa, nikaigeuza nusu mzunguko, ikakubali. Fundi angenitoza pesa nzuri kwa hilo, na mimi ningelipa nikishukuru. Raba ndogo ya kujazia bobini nayo ilikuwa imekauka na kupasuka. Oringi, ile pete ya mpira ya bomba, kutoka duka la vifaa vya maji ilikaa pale kama yake.

Sasa ikawa inazunguka vizuri. Kushona, haikushona. Iliruka mshono, ikakata uzi, ikaacha vishada chini ya kitambaa.

Wengi hukata tamaa hapa, na wengi zaidi huanza kugeuza geuza kila skrubu wanayoiona. Babu aliangalia sindano tu. Unapoomba sindano Kariakoo bila kutaja aina, uwezekano mkubwa utapewa za DBx1, ambazo ni za cherehani za umeme za viwandani. Hizo shingo yake ni ya mviringo. Cherehani hii inataka HAx1, ambayo kwenye pakiti nyingine imeandikwa 15x1 au 130/705H, na hizo shingo yake ina ubapa upande mmoja. Ile ya mviringo itaingia kwenye tundu na skrubu itaibana, utadhani mambo safi, kumbe haikukaa mahali ambapo ncha ya shato inapita. Shato inakuja kuchukua uzi, inaukosa. Ubapa ndio unaoihakikishia sindano imeangalia upande wake. Ukipata cherehani ngeni na hujui uzi unaingilia upande gani, tazama sindano yenyewe: ina mfereji mrefu upande mmoja, ubapa uko upande wa pili. Uzi huingia kutoka upande wa mfereji, kwa kuwa huo mfereji ndio unaoulinda uzi sindano inapotoboa kitambaa. Kwa kitenge na kanga natumia namba 90/14. Kwa jinzi 100/16. Na sindano ibadilishwe. Shangazi alikuwa akiinoa kwenye sakafu ya saruji, ustadi wa zama za uhaba, lakini siku hizi sindano zinapatikana kwa urahisi.

Vile vishada vya chini ndivyo vilivyonivuruga akili zaidi. Vikiwa chini, kila mtu anadhani ubaya uko chini, kwenye bobini. Ni kinyume kabisa. Uzi unaofanya vishada chini ya kitambaa ni wa juu, umevutwa na wa chini kwa sababu huko juu hakuna kinachouzuia. Kwa hiyo unatazama tensheni ya juu. Kwenye 15 ipo ubavuni kushoto, sahani mbili ndogo zinazobanwa na springi. Ukiinua mguu, sahani zinaachana, ukishusha, zinabana. Basi uzi unapitishwa mguu ukiwa juu, ili uzame katikati ya sahani. Ukiupitisha mguu ukiwa chini, uzi unaelea juu ya sahani na hata ukikaza mpaka namba ya mwisho hupati kitu. Kwangu uzi ulikuwa unazama, ila ulikuwa unazamia kwenye taka. Katikati ya sahani kulikuwa na kamba ya manyoya ya pamba yaliyoshikamana, pengine ya sare za shule za miaka hiyo. Nilipitisha ukanda wa kitambaa laini mara kadhaa, huku na huku, bila mafuta. Tensheni haiwekewi mafuta kamwe. Nikarudi kushona. Vishada vikaisha pale pale.

Kesi ya bobini ina skrubu ndogo ubavuni, na kuna kipimo chake cha haraka: shika ncha ya uzi, iache kesi ining'inie. Ikishuka yenyewe mpaka chini, imelegea mno. Isiposhuka hata ukiitingisha, imekaza. Inayofaa hukaa, na ukirusha mkono kidogo inashuka hatua moja na kusimama. Ukishaiweka sawa, achana nayo, mambo mengine yote rekebisha kwa juu.

Sina haja ya kueleza sana kuhusu shato. Unaitoa, unafagia mzunguko wake kwa brashi ya mswaki mkuukuu, unatoa vipande vya uzi, unatia tone moja, unarudisha. Vipande vya uzi ndivyo vinavyosababisha kugoma kwa ghafla katikati ya kazi.

Kinachonifurahisha kuliko vyote katika cherehani ya mkono ni mwendo wake. Mzunguko mmoja wa mpini unatoa mishono mitatu, kwa sababu ya meno ya gia ndani ya kile kikasha cha mkono. Kwa hiyo unaweza kushona mshono mmoja ukitaka, ukasimama hasa mahali unapotaka, kwenye kona ya kola au ncha ya zipu, jambo ambalo cherehani ya umeme mikononi mwa mwanafunzi haiwezi. Hasara ni kwamba mkono wa kulia umeshikwa na mpini, umebaki na wa kushoto peke yake kuongoza kitambaa. Marinda ya gauni la satini yatakutoa jasho. Lakini umeme ukikatika mtaani na jenereta za majirani zikianza kunguruma, mimi sihangaiki. Binti wa jirani yangu amejifunzia hapa, na mpini anauzungusha kwenda mbele, mbali na mwili, kama unavyotakiwa. Watoto wengi huanza kwa kuuvuta kuja kwao, uzi unajifunga chini, wanadhani wameiharibu.

Tatizo la Dar ni hewa. Chumvi ya bahari inafika mbali kuliko unavyodhani, na masika hata mkasi ulio kabatini unapata kutu. Cherehani isiyotumika ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu hakuna anayeyasambaza mafuta. Yangu hata nisipokuwa na kazi naizungusha na kuitia tone mbili tatu, kisha nashonea kipande cha kitambaa chakavu ili mafuta ya ziada yasije kudondokea nguo ya mtu. Nikiifungia, naacha kitambaa kidogo chini ya mguu, nakusanya vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu na kuvitupia ndani ya sanduku. Haikai sakafuni tena, wala haigusi ukuta wa nje.

Siku hizi watu wanaokwenda kutafuta za mtumba Ilala na Kariakoo huniomba niongozane nao. Kichwa kigumu hakinitishi, mara nyingi ndicho naanza nacho kubembeleza bei. Ninachoogopa ni kilicholegea. Nashika mti wa sindano niutikise, nashika gurudumu nilivute nje ndani, natazama bamba la sindano kama lina makovu ya sindano zilizovunjika, natazama meno kama bado yana ncha. Nachungulia chini nione kama chuma chochote kimewahi kuchomelewa, maana kusubu iliyochomelewa hairudi sawa. Rangi na nakshi nazitazama mwisho. Sanduku likikosa ufunguo si kitu. Kufuli zake ni za aina moja au mbili na mafundi wa vitasa wanazifungua. Ila usilibebe kwa mpini wake, hata likiwa limefungwa. Ile kufuli ndogo na kindoano cha upande wa pili ndivyo vinavyoshikilia chuma chote kile, na mbao zina umri wa babu. Weka mkono chini ya kitako, au mwite kijana wa mkokoteni.